Joto na Hewa: Somo Kutoka Chombo cha Tanga

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Somo letu la leo linahusu mambo matatu: baridi, moto na hewa. Kila mtu anayajua mambo haya, hata yule ambaye hajapata kushika kitabu. Lakini kulijua kila jambo peke yake si sawasawa na kujua jinsi yanavyokwenda pamoja. Watu wengi wamekufa usiku wa baridi, wala hawakuuawa na baridi, wala hawakuungua moto. Walikufa kwa sababu waliukaribisha moto chumbani wakaifukuza hewa.

Ili tulifahamu jambo hili vizuri, leo nitakupeleka mbali, mpaka Uingereza, ndani ya chombo cha tanga, katika mwezi wa Machi. Labda utauliza, mimi mkulima au fundi wa huku kwetu nina habari gani na baharia wa Ulaya? Nitakujibu. Chombo ni nyumba ndogo sana, na kuta zake hazina ufa, kwa maana ufa ungeingiza maji. Kwa hiyo lile linalotokea polepole katika nyumba kubwa, katika chombo hutokea upesi na kuonekana wazi. Ukikitazama chombo kile kwa makini, utaiona nyumba yako.

WATU WANAOKAA NDANI YA VYOMBO

Upande wa mashariki wa Uingereza liko jimbo liitwalo Essex. Pwani yake ni ya matope, na mito yake hujaa na kupwa kwa bahari. Katika mto mmoja, uitwao Blackwater, uko mji mdogo wa Maldon. Gatini pake hufungwa majahazi ya zamani, yajulikanayo kama majahazi ya Thames, kwa jina la mto upitao mji wa London. Matanga yake yana rangi ya udongo mwekundu. Chini ni bapa, kwa hiyo maji yakipwa jahazi hukaa juu ya matope bila ya kulala ubavu. Mabaharia wa Lamu, Unguja na Kilwa, ambao wamezoea kungoja maji yajae, hawahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili.

Zamani majahazi hayo yalichukua ngano, matofali na majani ya farasi, na mara nyingi watu 2 tu waliweza kuendesha jahazi lenye urefu wa zaidi ya mita 24. Jahazi la mwisho kuchukua shehena kwa nguvu ya tanga peke yake liliitwa Cambria. Liliundwa mwaka 1906, na likaendelea na kazi hiyo mpaka mwaka 1970. Siku hizi baadhi ya majahazi ya namna hiyo huchukua wageni wa kutembea, na mengine yamekuwa nyumba za watu. Tena ziko mashua ndogo za tanga, zenye urefu wa mita 8 au 10, ambazo watu hukaa ndani yake mwaka mzima. Wengine hukaa humo kwa kupenda bahari. Wengine hukaa kwa sababu kodi ya nyumba mjini ni kubwa kuliko mshahara wao.

Fikiri jinsi nyumba hiyo ilivyo. Unashuka ngazi fupi kutoka sitahani. Chini kuna chumba kimoja chembamba. Upande huu kitanda, upande huu jiko na meza, na chini ya mbao unazokanyaga iko ngama, mahali ambapo maji machafu hujikusanya. Ukinyoosha mikono yako miwili, labda utagusa kuta zote mbili. Humo watu wawili wanapika, wanakula, wanafua soksi zao na kulala.

KWA NINI MACHI NI MWEZI WA HILA

Uingereza ina majira manne. Miezi ya Desemba, Januari na Februari ni ya baridi kali. Machi miti huanza kuchipua, na siku huzidi kuwa ndefu. Tarehe 20 au 21 ya mwezi huo mchana na usiku hukaribia kulingana. Watu wa nchi kavu hufurahi, maana wanaona jua na maua. Lakini yule anayekaa chomboni anajua kuwa Machi ni mwezi wa hila.

Jaribu jambo hili nyumbani kwako. Weka juani sufuria ya maji na sahani ya mchanga. Baada ya saa moja gusa vyote viwili. Mchanga umepata moto, lakini maji bado ni baridi. Maji huchelewa kupata joto, na huchelewa kulipoteza. Bahari ni kama sufuria kubwa kupita kiasi. Nchi kavu imekwisha sahau baridi ya Januari, lakini bahari bado inaikumbuka. Mwezi wa Machi maji ya pwani ile huwa na joto la digrii 6 mpaka 8 za Sentigredi tu, na bahari yetu ya Unguja huwa na digrii 25 au zaidi. Chombo kimekaa katika maji hayo usiku na mchana. Jua laweza kuwaka juu ya sitaha, lakini sakafu na kuta za chini ni baridi kama maji yenyewe.

Tena uko upepo wa mashariki, ambao hupita juu ya bahari hiyo ya baridi kabla ya kufika pwani. Usiku joto la hewa hushuka mara nyingi karibu na digrii 0. Pengine umande huganda juu ya sitaha, na kamba hukakamaa kama fimbo. Mtu aliye ndani hana budi kutafuta joto. Hapo ndipo hadithi yetu inapoanza.

CHOMBO KISICHOVUJA KINALOA

Asubuhi mwenye chombo anaamka. Anagusa ukuta, umelowa. Anainua godoro, chini yake kuna maji. Nguo zilizo kabatini zina unyevu na harufu ya ukungu. Anaitazama ngama, lakini maji hayakuongezeka. Chombo hakivuji hata kidogo. Maji haya yametoka wapi?

Yametoka kwake mwenyewe. Chukua kioo ukipumulie. Unaona kimepata ukungu? Huo ni maji yaliyotoka kifuani mwako. Pumzi ya mtu ni ya vuguvugu, na hewa ya vuguvugu huweza kubeba maji mengi bila ya kuonekana. Inapogusa kitu cha baridi haiwezi tena kuyabeba, nayo huyatua pale pale, kama mpagazi aliyechoka anavyotua mzigo. Mtu mmoja aliyelala usiku kucha hutoa, kwa pumzi na kwa ngozi yake, kama robo lita ya maji. Watu wawili hutoa nusu lita. Kuta za chombo ni baridi, basi maji yote hayo hutua juu yake.

Lakini lipo jambo la ajabu zaidi. Moto nao hutoa maji. Ukichoma kilo 1 ya gesi ya kupikia, hewa iliyochomwa pamoja nayo inaungana nayo, na huzaliwa zaidi ya kilo 1 na nusu ya maji, katika hali ya mvuke usioonekana. Ukichoma lita 1 ya mafuta ya taa, hupata karibu lita 1 ya maji. Kwa hiyo mtu anayewasha jiko la gesi ili aondoe unyevu chomboni anafanana na mtu anayemwaga maji sakafuni ili ipate kukauka.

Sasa angalia mtego ulivyo. Mtu anasikia baridi, anaziba matundu. Anapoziba matundu, unyevu unazidi. Unyevu unapozidi, blanketi linakuwa baridi. Baridi inapozidi, anatafuta tundu jingine la kuziba. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya kweli kwa nyumba inayobomoka, lakini tundu la hewa si ufa. Tundu la hewa ni pua ya nyumba.

Mabaharia wenye maarifa hufanya kinyume. Huacha tundu moja wazi juu na jingine chini, hata usiku wa baridi, ili hewa ya unyevu itoke juu na hewa kavu iingie chini. Hewa ya nje, ingawa ni baridi, ina maji machache, nayo ikipata joto ndani hukausha. Jiko lao la kupashia chumba moto ni jiko lenye dohani, yaani bomba la moshi linalopanda juu mpaka nje ya sitaha. Dohani huchukua moshi, huchukua na maji. Joto la chuma hubaki ndani. Godoro huliweka juu ya vipande vya mbao vilivyoachana, ili hewa ipite chini yake. Na badala ya kupasha moto chumba chote usiku kucha, hupasha moto mwili: nguo za sufu, soksi kavu, kofia kichwani, uji wa moto kabla ya kulala, na mfuko wa mpira wenye maji ya moto miguuni.

HEWA ISIYO NA HARUFU

Mpaka hapa tumezungumza juu ya blanketi lililolowa. Sasa tuzungumze juu ya kifo.

Kila moto hula hewa. Moto ukipata hewa ya kutosha, huwaka vizuri. Usipopata hewa ya kutosha, hutoa sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, haina ladha. Huwezi kuiona wala kuinusa, nayo haikufanyi ukohoe.

Inaua namna gani? Damu yako ni kama mashua ya kuvusha abiria. Abiria wake ni oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa inayotuweka hai. Damu huipakia kifuani na kuishusha kwenye ubongo, moyo na viungo vyote. Hewa ya sumu inapoingia kifuani hupanda mashua hiyo, na damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Inakaa katika viti wala haitaki kushuka. Mashua zinakwenda na kurudi, zimejaa, lakini abiria anayengojwa hayumo. Ubongo unakufa kwa kiu ya oksijeni, na huku mtu anapumua.

Mwezi wa Januari mwaka 2014, katika bandari ya Whitby, kaskazini mwa Uingereza, wavuvi 2 walilala ndani ya mashua yao ya uvuvi. Kulikuwa na baridi. Wakawasha jiko la gesi ili wapate joto. Jiko lile lilikuwa la kupikia, si la kupashia chumba moto. Asubuhi walikutwa wamekufa.

Mwaka uliotangulia, mwezi wa Aprili 2013, katika ziwa Windermere, mama na mtoto wake walikufa ndani ya chombo cha injini. Ndani ya chombo hicho iliwashwa jenereta ndogo ya umeme. Bomba lililounganishwa ili kutoa moshi nje lilikuwa limeachana, na hewa ya sumu ikapenya mpaka chumbani walimolala.

Watu hawa hawakuwa wapumbavu. Walikuwa watu waliosikia baridi, kama mimi na wewe. Tangu mwezi wa Aprili 2019, katika mito na mifereji mingi ya Uingereza, chombo chenye chumba cha kukaa hakipewi cheti cha usalama kama hakina kengele ndogo ya umeme inayolia hewa hiyo ikizidi. Kengele huwekwa kwa sababu pua ya binadamu haiwezi kazi hiyo.

SASA TURUDI NYUMBANI KWAKO

Zamani nyumba nyingi za wazee wetu zilikuwa za miti na udongo, na paa la nyasi au makuti. Moto uliwaka katikati, moshi ukapenya katika paa, na hewa ikapita chini ya mlango. Macho yaliwasha na kifua kilikohoa, na moshi ule uliwadhuru wengi, lakini nyumba ilipumua. Leo tumejenga nyumba za matofali na saruji. Tumeweka dari, vioo madirishani na mlango unaofunga sawasawa. Ni maendeleo mema. Lakini angalia: nyumba yako sasa inafanana na kile chombo cha Maldon. Mila ya kulala na moto imebaki ile ile, na kuta zimebadilika.

Katika nyanda zetu za juu, kama Njombe, Mbeya na Limuru, miezi ya Juni na Julai ina baridi kali. Mtu huwasha jiko la mkaa nje. Anangoja moshi uishe, makaa yawe mekundu, kisha analiingiza chumbani, anafunga mlango na kulala. Anajisemea, "Hakuna moshi, basi hakuna hatari." Hapo ndipo anapokosea. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa hewa ya sumu kwa wingi. Moshi ungekuamsha. Hewa hii inakulaza.

Pengine chumbani yumo mama aliyejifungua, na mtoto mchanga kifuani pake. Bibi na shangazi wanamwekea jiko karibu na kitanda, kwa mapenzi tu, asipate baridi. Mapenzi hayo ni mazuri. Tuyalinde kwa maarifa, yasije yakaleta msiba.

Basi shika kanuni hizi tano.

1. Usilale na jiko la mkaa chumbani, hata likiwa na makaa machache. Ukitaka kupasha chumba moto, liweke jioni mlango na dirisha vikiwa wazi, nawe ukiwa macho. Kabla ya kulala, litoe nje.

2. Usidhani kuwa dirisha lililofunguliwa kidogo linatosha kukulinda na jiko la mkaa usiku kucha. Tundu la hewa ni la pumzi za watu. Moto unahitaji dohani.

3. Usizibe matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha kwa magazeti au matambara.

4. Jenereta ikae nje, mbali na mlango na madirisha. Barazani si mbali.

5. Pasha moto mwili wako kuliko chumba. Mablanketi mawili, soksi, kofia, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, vitakulinda mpaka asubuhi. Mama na mtoto wakae pamoja, ngozi kwa ngozi, wakiwa wamefunikwa vizuri, na uso wa mtoto ukiwa wazi.

Jifunze pia dalili. Hewa hii huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Wengi hudhani ni malaria au chakula kibaya. Jiulize: je, watu wote waliomo chumbani wameugua kwa saa moja? Je, kichwa kinapungua kuuma wakitoka nje? Ikiwa ndivyo, usirudi ndani.

Ukimkuta mtu amezimia chumbani penye moto, usiingie ukakaa kumwita jina lake. Fungua mlango na madirisha. Vuta pumzi ukiwa nje, izuie, ingia, mburute mtu huyo mpaka nje. Kama hapumui na unajua kumsaidia kupumua, anza mara moja. Mwite jirani. Mpelekeni hospitali hata akizinduka, na mwambieni daktari kwamba palikuwa na moto chumbani, maana hapo daktari atajua la kufanya.

Ndugu msomaji, somo hili umelipata wewe kwa sababu umejifunza kusoma. Lakini hewa ya sumu haichagui aliyesoma na asiyesoma. Yuko jirani yako ambaye hatafika darasani leo. Kabla jua halijatua, mpelekee habari hii, kwa mdomo wako mwenyewe. Hasa mpelekee yule mwenye mtoto mchanga.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini bahari ya Uingereza ni baridi mwezi wa Machi, hata jua likiwaka?
2. Maji yaliyo juu ya kuta za chombo kisichovuja yametoka wapi?
3. Dohani inafanya kazi gani mbili?
4. Kwa nini makaa mekundu yasiyo na moshi ni ya hatari?
5. Nenda nyumbani ukahesabu matundu ya hewa katika chumba unacholala. Mangapi yamezibwa, na yamezibwa kwa kitu gani?

Swali la tano ulijibu leo, kabla ya kulala. Kwaherini mpaka somo lijalo.